Lori la Mota Mbili

Boksi lilikuwa likipanda Mbaga na gari la mchana na kushuka Same na gari la alfajiri. Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi, mimi na mtoto wa baba mdogo. Mimi ni fundi cherehani, nashonea hapa Same mjini karibu na soko. Yeye ni seremala huko juu mlimani. Tulikuwa tunaunda lori moja la vipande vya plastiki, watu wawili, bila kukaa meza moja. Mimi nikimaliza sehemu yangu nafunga boksi na kumkabidhi dereva, na yeye akimaliza yake analirudisha kwa dereva huyo huyo.

Nieleze vipande vyenyewe kwanza, maana nikisema midoli watu wanacheka na kuacha kusoma. Ni fito zenye matundu, pini za kuziunganisha, ekseli, gia za meno na tairi za mpira. Ukijua kuvipanga unaunda mashine inayofanya kazi kama ya kweli: kreni inayoinua, greda linalogeuza shingo, tipa lenye difu inayozunguka. Ukiongeza mota na kasha la betri, mashine inatembea kwa rimoti. Iko kampuni kubwa inayojulikana dunia nzima kwa vitu hivi, ila vya kwao sijawahi kuvishika. Vyangu ni vya kampuni nyingine nyingine, majina yao yameandikwa Kichina, na vingine havina jina kabisa. Vya kwanza nilivipata kwenye mitumba. Nilikuwa natafuta mapazia, nikakuta chini ya belo mfuko umefungwa kwa gundi ya karatasi.

"Hii nini?" nikamuuliza muuzaji.

"Takataka za wenyewe hizo, mama. Chukua pazia, hiyo nakupa juu."

Nilipofika nyumbani nikaunganisha vipande viwili, vikalia ta, kama kifungo cha kubana kinavyolia kikishika. Sina maelezo mengine. Nimeishia darasa la saba na sijui kusema kwa nini mlio ule ulinifurahisha, mimi ambaye siku nzima nabana vifungo vya watu. Labda kwa sababu hakuna mteja aliyekuwa akinisubiri nimalize.

Sasa niseme jambo ambalo bila hilo habari yote itaonekana ya kitoto. Baba yangu na baba mdogo walishtakiana kwa ajili ya mpaka wa shamba la migomba. Shauri lilianza kwenye baraza la kata likapanda juu, na likachukua miaka. Baba yangu alishinda. Mimi ni mtoto wa aliyeshinda, kwa hiyo kwangu ni rahisi kusema iliamuliwa kwa haki. Mtoto wa aliyeshindwa anasema vingine, na sina cha kumzuia. Wazee wote wawili wameshafariki. Nyumba zao bado zinatazamana, zimetenganishwa na korongo tu, na tangu hukumu ile watu wa nyumba hizo hukutana misibani, wanapeana mkono, basi. Upande wetu ukiuliza habari za upande wa pili utajibiwa, "Hao ndivyo walivyo." Nadhani na kule wanajibu hivyo hivyo.

Huyu mdogo wangu ndiye aliyeanza kuvuka, tena kwa bahati. Alishuka Same kununua misumari, akaingia kwangu kupunguza suruali, akaiona kreni yangu imesimama karibu na cherehani. Hakuuliza ni ya nani. Alichuchumaa mbele yake akazungusha mkono wake wa kukunja kamba, akasema, "Dada, na mimi ninazo hizi. Nilinunua Kariakoo nilipokwenda kwenye msiba. Nilidhani niko peke yangu."

Basi ndipo boksi lilipoanza kusafiri. Na kitu kingine hakikuwa kikipita kati ya nyumba zile mbili, si chumvi wala kibiriti. Lilipita boksi tu. Likikatika hilo, tumerudi kwenye kupeana mkono misibani. Hii ndiyo sababu nilikonda kwa ajili ya gia ya plastiki, mtu mzima na wateja wangu.

Lori lilikuwa tipa, kubwa kama mkate mrefu. Tulitaka lipande ubao ulioinamishwa, jinsi magari yanavyopanda Mbaga, likiwa na mzigo wa maharage kwenye bodi. Yeye alitengeneza chasisi, mimi bodi na gia boksi kwa sababu vidole vyangu vimezoea vitu vidogo. Tulitumia mota yangu, ile ya kwenye mtumba. Kwenye sakafu lilikwenda vizuri. Tukiweka maharage, likifika kwenye ubao linasimama na kunung'unika.

Akanipigia simu. "Shikamoo dada. Mimi ninayo mota yangu, kampuni nyingine lakini umbo lile lile. Inaingia kabisa. Tufunge zote mbili, ziishike ekseli moja kwa pamoja."

"Zitaelewana?"

"Zisielewane zina nini? Mota ni mota."

Hata mimi niliona hivyo. Naliandika hili kwa sababu baadaye nilijitia kuwa tangu mwanzo niliona wazo lake lina walakini. Si kweli. Nililipenda.

Boksi liliposhuka na mota mbili, nililifungua dukani mchana wakati hakuna mteja. Nikawasha. Lori lilitetemeka, likatoa sauti kama ya mtu anayesaga karanga, halikwenda mbele wala nyuma. Nikagusa mota, zote mbili moto. Nikafungua gia boksi. Ndani kulikuwa na unga mweupe, na gia zimekatika ncha za meno.

Nilikaa nikiutazama ule unga. Gia zangu zilikuwa ngumu. Nilizipanga mwenyewe, nilizijaribu kwa ukucha kabla ya kuzifunga, ukucha haukuacha alama. Hizi nilipozikwaruza zilikubali. Wazo likanijia lenyewe, sikuliita: hizi si zangu. Mtu amechukua ngumu, ameweka laini.

Nikampigia.

"Gia zangu zimeliwa," nikasema.

"Zako zipi, dada? Si zote ziko humo humo?"

"Zile ngumu. Hizi ni laini."

"Kwangu pia zilikuja zikiwa zimeanza kuliwa. Nikafikiri zimetoka kwako hivyo."

"Kwangu zimetoka nzima."

"Haya."

Ile "haya" yake niliisikia siku nzima. Kuna "haya" ya mtu aliyekubali na kuna "haya" ya mtu aliyefunga mlango. Nimejitahidi kuikumbuka vizuri ilikuwa ipi, na kadiri ninavyoikumbuka ndivyo inavyozidi kubadilika, kwa hiyo sitaitumia kama ushahidi.

Nikatia gia nyingine ngumu, nikaitoa mota yake pembeni, nikaijaribu yangu peke yake. Ilikwenda vizuri. Nikafarijika: kitu changu ni kizima. Hapo hapo, kabla sijafikiri zaidi, nikajiambia kwamba kama changu ni kizima basi ubovu uko upande wa pili. Nikarudisha mota yake mahali pake, nikafunga.

Lakini nilitaka kuwa mkweli, na njiani yuko dereva. Huyu ni Mchaga aliyeoa kwetu, mtu wa maneno, na boksi hukaa miguuni pake na watu hupanda na kushuka. Sikutaka kumdhania mdogo wangu kabla sijamwondoa dereva. Nikalivika boksi kipande cha shuka kuukuu, nikalishona pande zote kwa mkono. Mshono wangu wa mkono naujua, hata ukiniwekea katikati ya mishono ya mafundi wa soko zima.

Dereva alilipokea akaligeuza geuza. "Shemeji, umelivalisha sanda? Kuna nini humu, maiti ya panya?"

"Vipande vyangu."

"Vya kuchezea?"

"Vya kazi."

"Mbona umenishonea macho? Unaniona mimi mwizi wa vidude vya plastiki?" Alicheka, lakini alikuwa ameelewa. "Wapare bwana! Nikifika juu nitadai risiti."

Nilimwomba mdogo wangu apige picha boksi kabla ya kulifungua. Picha ilikuja. Mshono ulikuwa wangu, wote, hakuna uzi uliokatwa. Basi dereva nikamtoa, na nilipomwona tena nilimpa chai, ingawa sikumwambia ni ya nini. Wakabaki watu wawili. Mmoja alikuwa mimi.

Nilijifikiria na mimi, nisionekane nimejipendelea. Nilijiuliza kama nilichanganya gia nilipokuwa nafunga, maana siku ile mteja wa sare za shule alikuwa ananifokea. Inawezekana. Nikatafuta kwenye kopo langu na chini ya cherehani na katikati ya vitambaa. Sikuona kitu. Kutokuona si kwamba hakipo, najua. Lakini mawazo yangu yalikuwa yameshavuka korongo, yamekwenda nyumba ya pili na kukaa huko.

Lori liliposhuka tena likiwa vile vile, linasaga na halitembei, ndipo nikafanya nililolifanya. Nilitia gia ngumu nyingine, nikachukua rangi ya kucha nyekundu, nikatia tone dogo kwenye kila gia na kwenye mota yangu. Chaki ya fundi ingefutika. Nilitia kwenye ubavu wa ndani, mahali ambapo mtu haoni mpaka afungue kila kitu. Nikapuliza ikakauka. Nikafunga boksi, nikalituma.

Liliporudi, mota ilikuwa na tone lake. Gia hazikuwa na kitu.

Sikupiga simu. Mtu mwingine angepiga. Mimi nilikaa kimya nikawa namvizia kwenye ujumbe. Zamani alikuwa akiandika, "Shikamoo dada, mzigo umefika salama, tunamshukuru Mungu." Sasa aliandika, "Limefika." Nikajibu, "Sawa." Shikamoo ilikuwa imeondoka, na sikujua kama aliiondoa yeye au niliifukuza mimi.

Kosa langu la pili lilikuwa kumweleza mama. Mama anaishi kule juu, kwenye nyumba ya baba. Nilimwambia kwenye simu kwa kupita tu, katikati ya habari za mvua na mbuzi, kwamba yule mtoto anabadilisha vitu kwenye boksi. Mama hakushtuka hata kidogo, na hilo lilinitisha kuliko kama angepiga kelele.

"Nilikuwa nasubiri tu useme," alisema. "Baba yake alihamisha mche wa mpaka usiku, asubuhi anasema umeota pale."

"Mama, hizi ni gia."

"Na ule ulikuwa mche."

Sikumtuma popote. Lakini niseme ukweli, sikumwambia pia anyamaze. Akampigia shangazi, dada yao wale marehemu, mtu pekee anayeingia nyumba zote mbili bila kubisha hodi. Shangazi alikuwa na kikao cha harusi ya mjukuu wake Jumamosi ile, na akaamua kwamba kwa kuwa ndugu watakuwa wamekaa tayari, hata hili lisikilizwe. Nikatakiwa nipande, nije na lori.

Kwenye gari, dereva alikuwa ameshapata habari zote. Mbaga habari hupanda kabla ya gari.

"Shemeji, ni kweli mnakaa kikao cha mdoli?"

"Kikao ni cha harusi."

"Mdoli ni mwenyekiti au katibu?" Gari zima likacheka. "Kwetu Machame mtu akiibiwa gia ananunua nyingine. Ninyi mtauza shamba la migomba mtafute wakili wa gia."

"Wewe endesha," akasema mama mmoja nyuma. "Umeoa huku, watoto wako ni Wapare, watakushtaki uzeeni."

Nilicheka na wenzangu. Boksi nilikuwa nimelipakata, na kwenye kila kona nililikumbatia zaidi, kama mtu angeweza kuliiba mikononi mwangu.

Kikao kilikuwa sebuleni kwa shangazi, ng'ambo ya korongo. Mdogo wangu alikuwa ameketi karibu na dirisha, amevaa shati la kanisani. Aliniamkia mbele za watu, kwa sauti ya kutosha, nikaitikia. Mama alikaa upande wangu. Upande wake hakukuwa na mtu, mama yake ana miguu mibovu. Hilo lilinigusa, kwamba sisi tulikuwa wawili na yeye mmoja, lakini sikuhama.

Mambo ya harusi yalipoisha shangazi alijipangusa mikono kwenye kanga. "Nimekaa vikao vya ng'ombe, vya migomba, vya mwanamke aliyerudi kwao na kitanda. Cha kichezeo ndiyo kwanza. Mlalamikaji nani?"

"Hakuna mlalamikaji, shangazi," nikasema.

"Yupo. Mama yako kanipigia simu mpaka salio likakatika. Sema."

Nikasema. Nilieleza kwa mpangilio, gia zilizotoka na gia zilizorudi, mshono, picha. Sikulitaja lile tone la rangi. Nilijiambia nalihifadhi la mwisho, kama watu wa kesi wanavyofanya.

Shangazi akamgeukia. "Na wewe?"

"Mimi nasema lori linakuja kwangu limeharibika, na mota yangu nikiijaribu ni nzima."

"Yangu ndiyo nzima," nikasema.

"Dada, mimi yangu naijaribu kila linapofika. Peke yake. Inakwenda."

"Hata mimi yangu naijaribu peke yake. Inakwenda."

"Basi onyesheni," shangazi akasema. "Maneno nimechoka."

Nikaliweka lori sakafuni. Nikaitoa mota yake, nikabakiza yangu. Nikasukuma kidole cha rimoti mbele. Lori likaenda mbele, taratibu, likapita miguu ya watu mpaka mlangoni. Mama akaitazama sebule nzima kwa zamu, kama kwamba hukumu imeshatoka.

Yeye akalichukua, akatoa mota yangu, akarudisha yake. Akaishika rimoti, na nikaona ameigeuza mkononi, kichwa chini.

"Ishike sawasawa," nikamwambia.

"Ndivyo ninavyoishika."

"Ishike kama mimi. Watu waone hakuna ujanja."

Akaigeuza, usoni amekasirika. Akasukuma mbele. Lori likarudi nyuma, likamgonga shangazi kwenye kisigino.

"Mnanichokoza!" shangazi akasema.

"Umesukuma nyuma," nikasema.

"Nimesukuma mbele, watu wote wameona. Mota hii ndivyo ilivyo tangu dukani. Mbele yake ni nyuma. Ndiyo maana huigeuza rimoti, sasa tatizo liko w..."

Hakumalizia. Tulitazamana, nadhani kwa mara ya kwanza siku ile. Kisha wote wawili tukaitazama gia boksi. Mota mbili za kampuni mbili, umbo moja, tundu moja la betri. Ukizipa moto pamoja, moja inazungusha ekseli huku, nyingine inazungusha kule, na gia ziko katikati zinatafunwa. Hakuna aliyewahi kuijaribu ya mwenzake. Kila mmoja alikuwa akiijaribu ya kwake tu, kuhakikisha kwamba yeye hana kosa. Akishajihakikishia, anafunga boksi.

Watu wa kikaoni hawakuelewa, ikabidi aweke mota zote mbili na kuwasha, kila mtu ashike tairi na kusikia zinavyovutana. Mjomba mmoja akacheka mpaka akakohoa. Shangazi alianza kusema kitu kuhusu ukoo, mmoja anavuta na mwingine anarudisha nyuma, na kichwa chake kilikuwa kinatikisika kwa kuridhika. Sikutaka kumsikiliza. Halikuwa fundisho, lilikuwa suala la mota. Tena kwangu lilikuwa bado halijaisha.

"Na gia zangu?" nikauliza. "Zile zenye tone jekundu?"

Nilijua nilipotamka kwamba nimekosea mahali pa kutamkia. Mdogo wangu akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati la kanisani, akatoa karatasi iliyokunjwa, akaifungua juu ya meza ya shangazi. Gia zangu zilikuwa pale, meno yote yamekwisha, kila moja na tone lake.

"Ziliharibikia kwangu," alisema. "Nikaona aibu, hata kwenye simu nikakwambia zilikuja hivyo. Nikatoa za kwangu nikaweka, ili zikifika kwako uzikute nzima. Ya kwanza nilifanya hivyo, ya pili nikafanya hivyo. Halafu hii ya mwisho nikaona rangi ndani." Alizisukuma kidogo kwa kidole. "Nina mbuzi nimewatoboa masikio kwa sababu wezi wapo. Nikajiuliza, dada ananitoboa sikio kwa ajili ya nani? Dereva umeshamshonea."

Ningeweza kusema sisi mafundi ni kawaida yetu kuweka alama. Lakini fundi huweka alama panapoonekana.

Na bado, niandike yote, wakati ule ule nikiwa na aibu yangu, sehemu nyingine ndani yangu ilikuwa inauliza. Kwa nini alikuja nazo mfukoni, kama hakujua zitaulizwa? Na kwa nini za kwake zilikuwa laini, kama alizitoa kwa moyo mweupe? Jibu la kweli linawezekana kuwa rahisi: alikuwa na laini tu, na alizibeba kwa sababu alijua mimi ni mtu wa namna gani. Sijapata jibu jingine lililo bora. Lakini maswali yale sikuyaalika na hayakuaga.

Lori tulilitengeneza pale pale. Nilisema tuongeze gia moja katikati, upande wa mota yake, mzunguko ugeuke. Akasema chasisi haina nafasi. Nikasema ipo, akitoa ufito mmoja. Akatoa. Tulikaa benchi moja, kitu ambacho hatukuwahi kukifanya katika kazi nzima ya lori, na nilishangaa kuona ana harufu ya mbao kama baba yangu alivyokuwa nayo. Gia iliingia kwa kubanana. Tukaegemeza ubao kwenye kiti, mtoto wa shangazi akaleta maharage kwenye kikombe. Lori lilipanda. Lilipanda bila kunung'unika, mpaka juu, maharage yakadondoka machache nyuma.

"Ongeza!" mjomba akasema. "Jaza, hilo linakwenda Dar!"

Watu walipoanza kuaga, mdogo wangu aliifungua tena gia boksi. Akaitoa mota yake, akaitia kwenye mfuko wa plastiki.

"Lori kaa nalo wewe, dada," akasema. "Ni bora likae sehemu moja."

Alisema kwa upole kabisa. Nilielewa kwamba boksi halitapanda tena wala kushuka. Mama alikuwa ameshatangulia nje, anasema na mtu habari za mbuzi. Mawingu yalikuwa yamekaa juu ya mlima Shengena na upepo unanukia mvua.

"Mvua inakuja," nikasema. "Nina mkoba na hili boksi, na njia ya korongo inateleza. Nibebee mpaka kwa mama."

Alitazama mkoba wangu, ambao haukuwa mzito. Nilijua anaupima. Kisha akalibeba boksi.

Tulivuka korongo mmoja nyuma ya mwenzake. Alipofika kwetu alisimama uwanjani, karibu na jiwe la kufulia, akawa kama anasubiri nimpokee mzigo. Mvua ikaanza. Mama, aliyekuwa ametutangulia, akatokea mlangoni, akamwona. Alimtazama kama anavyotazama mawingu, kuona yameleta nini.

"Utalowa," akamwambia mwishowe. "Ingia."

Jikoni makande yalikuwa tayari tangu asubuhi. Mama aliyapakua kwenye bakuli moja kubwa, akaweka vijiko viwili, akaondoka kwenda kufunga banda. Mdogo wangu alikaa kwenye kigoda. Aliweka mfuko wenye mota yake juu ya magoti. Alishukuru, akashika kijiko, akakishika tu.

Nilijua ni nini. Tangu kesi ile hakuna mtu wa nyumba yao aliyekula kwetu, na wala sisi hatujala kwao. Hata msibani kila upande huleta sufuria yake. Watoto wa pande zote mbili tumekua tukionywa juu ya hilo kwa maneno ambayo sitayaandika. Ningekuwa mimi kwenye kigoda kile kwa mama yake, ningekishika kijiko hivyo hivyo.

Nikapeleka kijiko changu upande wake wa bakuli, nikachota pale mbele yake, nikala. Aliniangalia mpaka nikameza. Hakujificha kuangalia, na mimi sikujitia kwamba sikuona. Nikachota tena, upande ule ule. Ndipo naye akala.

Tulikula polepole, mvua ikipiga bati. Mama alirudi amelowa, akatukuta bakuli limefika nusu. Alichukua upawa, akaongeza makande mapya upande wa mdogo wangu, akaenda kukaa karibu na moto.

Alikula na hayo, safari hii bila kunisubiri.